Asubuhi Niliyoipasha Moto Mashine Yako

Baba Tumaini,

Mashine yako ya kuchonga mbao imeondoka leo mchana. Nakuandikia nikiwa karakanani kwako, nimekalia ndoo ya rangi niliyoipindua kwa sababu viti vyote nimeshavigawa. Pale ilipokuwa imesimama sakafu imebaki safi, pana, na kila nikiinua macho naiona. Hita bado inawaka. Nje theluji inayeyuka, na malori ya ghala la jirani yanapita yakiturushia maji machafu mlangoni, jambo ulilokuwa ukililalamikia kila mwaka majira haya.

Kesho narudisha funguo. Nimeona nikueleze kila kitu kabla sijafunga mlango, na nieleze kwa utaratibu, maana wewe mtu akikusimulia jambo ulikuwa unamkatiza. "Anza mwanzo, Anjela. Mwanzo kabisa."

Mwanzo ni kwamba tulipokuzika watu walijaa. Nyumba yetu ndogo pale ghorofani haijawahi kubeba watu wengi vile. Walileta masufuria ya wali, walileta chai, waliimba, walilala kwenye makochi. Halafu kila mmoja akarudi kwenye zamu zake. Siwalaumu, Toronto ni mji wa zamu. Tumaini alikaa nami mpaka mitihani ikamwita, akarudi chuoni Ottawa. Ananipigia. Naongea Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, kama siku zote. Ila zamani ulikuwepo wewe katikati. Ulikuwa unachukua simu unamwambia, "Sijasikia, mwanangu, hebu rudia kwa lugha ya nyumbani," naye anacheka, anajaribu, anakosea, unamsahihisha. Mimi nimejaribu kulisema neno hilohilo mara moja. Akaanza kulia. Sikurudia tena.

Kwa hiyo siku hizi inapita siku nzima sijasikia neno la Kiswahili isipokuwa langu mwenyewe. Wale wazee ninaowahudumia wananiita jina langu kwa namna ambayo hata sijitambui. Nikifika nyumbani naongea na sufuria. Nasonga ugali wa watu wawili, halafu nasimama na mwiko mkononi nikiuangalia.

Lakini lililonitesa zaidi ni asubuhi, na hilo wewe ndiye uliyelisababisha.

Ulikuwa ukitoka nyumbani kabla zamu yangu ya usiku haijaisha. Mimi nikipanda basi pale Finch nikiwa hoi, wewe umeshafika hapa Downsview, umewasha taa, umewasha mashine. Na mashine ikishawashwa huwezi kuiacha wala huwezi kuifanyia kazi hapohapo. Kile kichwa chake, ile mota ndefu inayoshika kisu na kukizungusha, lazima kwanza kizunguke polepole mpaka grisi iliyo ndani ipate moto. Ukikikurupusha unakiua. Basi muda huo wa kungoja ndipo ulipokuwa ukinipigia mimi simu. Miaka yote hiyo tuliyoishi kwa kupishana mlangoni kama wapangaji wawili, tuliongea ndani ya basi. Nyuma ya sauti yako kichwa kilikuwa kinavuma, chini kwanza, halafu kinapanda kidogo, kinatulia, kinapanda tena. Kikifika juu kabisa ulisema, "Haya, imeamka. Shuka salama," ukakata.

Niliijua sauti ya mashine hiyo kabla sijaiona kwa macho.

Nilikuwa nakuuliza, "Unafanya nini sasa?" Wala sikuwa na haja na mashine. Nilitaka uendelee kuongea nisije nikasinzia nikapitilizwa kituo. Nawe ulinieleza kila kitu, kama mtangazaji wa mpira. Sasa nimeweka kiganja kwenye mota. Sasa ni vuguvugu. Sasa naongeza kidogo. Siku za Jumamosi nilipokuwa nikija kukusaidia, kubana mbao na kufagia vumbi na kubadilisha visu, na ukanionyesha namna ya kuchagua mchoro kwenye kompyuta na kuuanzisha, mashine ilikuwa imeshapata moto zamani. Kuipasha sikuwahi kukuona ukifanya. Nilikusikia tu.

Baada ya mazishi niliendelea kupanda basi lilelile. Nikifika kiti cha nyuma mkono unaingia mfukoni wenyewe, unatoa simu, unaiweka pajani. Siku moja mama mmoja aliyekaa karibu nami aliniuliza kama nasubiri habari mbaya. Nikamwambia hapana, hakuna ninachosubiri.

Unamkumbuka Bwana Murtaza wa Thornhill, yule mzaliwa wa Tanga aliyekuagiza milango miwili ya kabati la misahafu, la chumba cha ibada nyumbani kwake. Mlango wa kwanza ulikuwa umeshauchonga, zile nyota za pembe nane zinazoshikana, umeupaka mafuta, umeuegemeza ukutani. Wa pili ulikuwa bado ubao mtupu wa mwaloni. Uliubana mezani pa mashine siku ya Ijumaa, ukasema Jumatatu utauchonga. Jumatatu haikukukuta.

Alikuja nyumbani kunipa pole. Alikaa pembeni mwa kochi na koti lake mwilini, akanywa chai yote, akaniuliza habari za Tumaini. Mlango hakuutaja. Mimi ndiye niliyeutaja.

"Usijitaabishe kwa hilo, Mama Tumaini," akaniambia kwa ile sauti yake ya taratibu. "Nitautia huo mmoja. Upande wa pili nitatundika pazia, basi."

Nilimshukuru. Alipoondoka lile pazia likanikaa kichwani. Nililiona kabisa, limening'inia pembeni mwa nyota zako, na watu wakiingia wanauliza kulikoni, na yeye anaeleza kila mara kwamba fundi alifariki. Sikutaka uwe maelezo ya pazia.

Hata hivyo sikufanya kitu. Majira ya baridi yakaingia, karakana ikabaki imefungwa, hita imezimwa. Mkataba wa hapa ulikuwa unaisha mwezi wa tatu, na nilijua siwezi kuendelea nao. Nikauliza kanisani kama kuna anayejua fundi anayetafuta mashine. Nikapewa jina la Bwana Kabeya, mtu wa Bukavu, mtengeneza samani huko Hamilton.

Alikuja mwezi wa pili, siku ile ambayo hata ndani ya mlango barafu ilikuwa imefanya maua. Mtu mpole, mnene, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi. Aliizunguka mashine akipitisha kidole kwenye reli zake, akaangalia nyaya, akachungulia chini.

"Hii mashine iko muzuri, mama," akasema. "Bwana yako alikuwa anaichunga."

Nilifurahi kana kwamba ni wewe umesifiwa ukiwa umesimama pale. Halafu akashika pua ya kile kichwa akajaribu kukizungusha kwa vidole. Kilisogea kwa shida mno. Akawasha. Mashine ikanguruma kwa ndani, ikatetemeka, ikanyamaza, na kwenye kile kisanduku cha umeme ukutani zikawaka herufi nyekundu. Akajaribu tena. Vilevile. Akazima, akapangusa mikono kwenye suruali, akavua kofia.

"Pole, mama. Kichwa imekufa. Beringi za ndani zimekwisha. Lakini si mbaya, mimi nitachukua ile ingine yote, kichwa tutatupa. Juma ijayo nakuja na camion, lori yangu."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa haraka sana, Baba Tumaini. Mwaka huu nimezoea mtu kuniambia kitu kimekufa, nami nakubali na kumsindikiza mlangoni.

Nikapanda basi. Tulipofika karibu na barabara ya Jane ndipo nikasikia sauti yako, sio kwa miujiza, nilikumbuka tu. Ilikuwa asubuhi nyingine ya Februari, miaka ya nyuma, mji mzima umeganda. Ulinipigia ukasema, "Leo mashine imegoma. Nimewasha, imenguruma, imejizima." Nikakuuliza kama imeharibika. "Sijui bado. Nimechomoa umeme, nimetoa kisu na nati yake, naizungusha kwa mkono. Ikiwa ngumu sawasawa mzunguko mzima, hiyo ni baridi. Grisi imeganda, kama mawese kwetu Mafinga mwezi wa saba. Ikiwa inakwaruza, au inanasa mahali pamoja tu, hapo beringi imeumia." Nikakuuliza, sasa wewe unasikia nini? Ukasema, "Ngoja." Nilikuwa nasikia pumzi zako ukiizungusha. Halafu ukasema, "Ni baridi tu, mke wangu. Naipasha."

Bwana Kabeya alikuwa ameizungusha kwa vidole mara moja tu. Hakusikiliza mzunguko mzima. Simlaumu, alikuwa na baridi na safari ndefu.

Jumamosi nikaja. Nilibeba chupa ya chai na ile sweta yako ya kahawia. Niliwasha hita, nikachomoa umeme ukutani, nikatafuta spana mbili, nikafungua nati, nikatoa kisu. Vyote hivyo mikono ilikuwa inavijua. Halafu nikashika pua ya kichwa kwa mikono miwili nikazungusha, nikiwa nimefumba macho. Kilikuwa kigumu kama mfuniko wa chupa ya dawa. Lakini nilipokwenda nacho duara nzima, polepole, nikarudi tena, ulikuwa ugumu mmoja. Hapakuwa na mchanga ndani. Hapakuwa na mahali pa kunasa. Nikafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa naogopa kuamini.

Nilingoja hita ifanye kazi. Nilikunywa chai, nikavua koti, mashavu yakapata moto. Nikaona inatosha. Nikarudisha umeme, nikaweka mwendo wa chini kabisa, nikabonyeza.

Ikanguruma. Ikatetemeka. Ikazima. Zile herufi nyekundu.

Nilikaa chini hapohapo, kwenye vumbi la mbao, nikalia. Nililia kwa sauti, jambo ambalo sikulifanya kanisani wala makaburini. Kule palikuwa na watu wa kunishika na kuniambia nijikaze. Hapa hapakuwa na mtu. Niliwaza kwamba Bwana Kabeya alikuwa sahihi na mimi ni mjane anayebembeleza chuma. Niliwaza pia, na hili nakuambia wewe peke yako, kwamba nikitoka hapa sina pengine pa kwenda ambapo ulikuwa ukifanya kitu. Nyumbani ulikuwa ukilala tu na kula.

Nilipojishika kwenye mashine ili niinuke, kiganja kikagusa mota. Ilikuwa ya baridi kama kitasa cha nje. Mimi nilikuwa na joto, hewa ilikuwa na joto, chuma kilikuwa bado kiko kwenye barafu. Ndipo nikakumbuka kipande kingine ulichowahi kunieleza: kwamba hewa hupata moto upesi, chuma huchelewa, na kwamba mtu asije akajaribu kukiharakisha kwa moto wala kwa ile mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu grisi itayeyuka upande mmoja na kukimbia. "Chumba kiwe na joto, halafu kaa chini usubiri," ulisema. "Hakuna njia ya mkato."

Basi nikachomoa umeme tena. Nikasogeza hita karibu kidogo, sio sana. Nikakifunga kichwa kwa sweta yako na juu yake lile blanketi la kufunikia mbao. Nikaketi. Sikuwa na redio. Nilisikia malori, nilisikia mabomba ya maji, nilisikia tumbo langu. Kila baada ya muda nilinyanyuka, naingiza mkono chini ya blanketi, nazungusha. Mwanzo hakuna tofauti. Halafu nikadhani najidanganya. Halafu, jua lilipokuwa limeshapita juu na kuanza kuingia kwenye kidirisha cha nyuma, nikazungusha na kikaenda. Si kwa wepesi, lakini kilienda chenyewe kidogo baada ya vidole kuachia.

Nikatoa blanketi, nikatoa sweta. Nikarudisha umeme. Mwendo wa chini kabisa. Nikabonyeza na kurudi nyuma hatua moja.

Kilinguruma, nikasema moyoni basi, kisha kikazunguka.

Ilikuwa sauti ileile. Ile ya chini, ya kwanza kabisa, ambayo nilikuwa naisikia wakati naketi kwenye kiti cha nyuma na kuvua glavu. Sikuwahi kuisikia peke yake. Siku zote ilikuwa na wewe mbele yake. Nikasimama pale nikiingojea sauti yako ianze, nilikuwa naingoja kabisa, Festo wangu, na nilipotazama mkononi nilikuwa nimeshika simu. Sikumbuki kuitoa.

Mashine ilivuma tu.

Kisha nikasema kwa sauti, "Unafanya nini sasa?" Na kwa kuwa hapakuwa na wa kunijibu, nikajibu mwenyewe. Nikakuambia, sasa nimeweka kiganja. Sasa bado ni ya baridi. Sasa nangoja. Nilikueleza yote, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili chetu, na maneno mengine ya Kihehe yakajipenyeza. Nilipoongeza mwendo nilikuambia. Mota ilipoanza kuwa vuguvugu nilikuambia.

Katikati pakatokea mlio, tik tik tik, nikaogopa, nikashusha mwendo upesi. Ukapotea. Nikapandisha, ukarudi. Nikachukua kile kijiti chako cha kusikilizia, nikaweka ncha moja kwenye mota na nyingine kwenye sikio, kama ulivyokuwa ukifanya Jumamosi. Kule chini, kwenye beringi, palikuwa kimya na palivuma vizuri. Mlio ulitoka juu, kwenye kifuniko cha feni. Nikazima, nikapanda kigoda, nikakuta skrubu moja imelegea. Nikaikaza. Nilijiona nacheka peke yangu juu ya kigoda.

Nikaanza upya, taratibu, mpaka kikafika juu kabisa. Kilipofika nilijua kuna maneno ya kusema hapo. Nilishindwa kuyasema. Nilizima tu, nikavaa koti.

Siku iliyofuata nilimpigia Bwana Kabeya. Nikamwambia asije na lori, kichwa hakijafa.

"Mama, uko hakika?"

Nilikuwa karakanani, nimeshakipasha. Nikaipeleka simu karibu na mashine. Alisikiliza. Kisha nikamsikia anacheka polepole, kicheko cha mtu aliyefurahi kukosea. "Ah, mama. Ni mimi nilikuwa na haraka. Basi nitachukua yote, muzima muzima, na hiyo kichwa yake."

Nikamwomba anisubiri kwanza nimalize kazi moja.

Ubao wa mwaloni ulikuwa umejikunja kidogo kwa baridi. Niliufungua, nikauacha chumbani ukae na joto siku chache, nikaubana upya. Mchoro ulikuwa kwenye kompyuta, umeuandika "Murtaza kulia". Nilichonga siku ya mapumziko yangu. Mkono wangu haukuwa mbali na ile swichi nyekundu ya kuzimia hata dakika moja. Vumbi la mwaloni lilinukia kama nguo zako. Kwenye nyota moja, kona ya chini, kisu kilichelewa kikaacha alama ya kuungua, ndogo kama kucha. Wewe usingeiacha. Nilitaka kuipiga msasa, Bwana Murtaza alipokuja kuuchukua akanikataza.

"Iache ilivyo," akasema. "Hapo umepita wewe."

Alinipeleka kwa gari mpaka Thornhill kuona kabati. Mke wake alinipa viazi vya rojo kama vya Tanga, tukaketi jikoni tukaongea Kiswahili mpaka chai ikapoa. Mlango wako umeiva rangi, wangu bado mweupe. Bwana Murtaza alisema nao utakolea baada ya mwaka hivi. Nilikaa mbele ya kabati lile muda mrefu. Hawakuniharakisha.

Na leo Bwana Kabeya amekuja na vijana wake kuichukua. Kabla hatujaifungua bolti zake nilimwambia lazima kwanza nimwonyeshe. Nikamweka asimame, nikamwekea kiganja chake juu ya mota, nikamweleza: chini kwanza, ngoja, sikia, ongeza. Ikigoma, usikimbilie kusema imekufa, chomoa umeme uizungushe duara nzima. Alisikiliza kwa adabu. Akaniuliza nilisomea wapi.

"Nilifundishwa kwa simu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, nadhani alielewa ni kampuni iliyotengeneza mashine ndiyo iliyonifundisha. Sikumsahihisha. Kisha akaipasha yeye mwenyewe, tangu chini mpaka juu, na mimi nikasimama mlangoni nikisikiliza. Aliifanya vizuri. Akazima, wakaipakia, wakaifunga kamba, akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia niende Hamilton wakati wowote nikitaka kuisikia. Labda nitakwenda. Labda sitakwenda.

Sasa nimeshakusimulia. Kazini nimeomba zamu ya mchana na wamenipa, naanza wiki ijayo. Basi nitakalopanda litakuwa jingine, saa nyingine, na watu wengine. Nitakuwa nalala wakati watu wanalala. Tumaini anasema ni jambo jema. Nadhani ni jambo jema. Sijui nitafanya nini na jioni.

Kuna jambo moja limebaki, nalo linahusu mama yako.

Kila Jumapili ananipigia kutoka Mafinga kwa simu ya jirani yake. Hasalimii sana. Anauliza swali lilelile: "Mwanangu alikuwa na nani?" Namjibu, "Alikuwa na mimi, mama." Mtandao unakwaruza, au masikio yake ndiyo hayamwitikii, ananiambia hajasikia. Narudia. Anasema, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia lakini amechoka kusumbua. Jumapili inayofuata anauliza tena.

Mwezi wa saba nakwenda huko. Tumaini amesema atakuja nami, na alilisema hilo kwa Kiswahili, kwa makosa mawili ambayo sikuyagusa. Nitakaa naye mkekani, mama yako, nitamshika mikono, nitaweka mdomo karibu na sikio lake. Nitamwambia ilikuwa Jumapili baada ya ibada, pale nje ya kanisa, jua limewaka na majani yamegeuka rangi. Ulikuwa unapakia masufuria kwenye gari. Ukanipa lile la pilau ukasema, "Nishikie hili, Anjela." Kisha ukaketi ukingoni mwa njia kama mtu anayepumzika, ukaegemeza kichwa kwenye miguu yangu. Niliweka sufuria chini. Nilikushika. Ulinitazama, ulijua ni mimi. Mikono yangu ilikuwa mashavuni mwako mpaka mwisho, na ilikuwa na joto.

Nitamwambia mara nyingi kadiri atakavyotaka, mpaka asikie.

Lala, mume wangu. Nazima hita sasa.

Ni mimi,
Mama Tumaini